Nyumba Ikianguka, Tunabeba Nini? Kutoka Mbau hadi Fiskdale

Ukitoka Beni mjini, mashariki mwa Kongo, ukashika barabara ya Oicha, baada ya kilomita 22 hivi unafika Mbau. Hapo njia inagawanyika: moja inaendelea kaskazini kwenda Oicha, Eringeti na hatimaye Komanda, nyingine inapinda mashariki na kuingia msituni kuelekea Kamango na mpaka wa Uganda. Parokia ya Wakatoliki ya Mbau ina jina la Bikira Maria wa Maskini. Asiyejua angedhani watu wa hapo walijichagulia jina hilo kwa kutazama maisha yao wenyewe. Sivyo. Kabla ya kufika Mbau, lilikuwa jina la Banneux, kijiji kidogo cha Ubelgiji chenye baridi kali. Huko, kati ya Januari na Machi 1933, msichana wa miaka 11 aitwaye Mariette Beco alisema kwamba Bikira Maria amemtokea mara 8, akajitambulisha kwake kuwa ni Bikira wa Maskini. Mwaka huohuo wanakijiji wakajenga kikanisa. Mahujaji wakaanza kuja. Na siku moja jina la Banneux likavuka bahari kifuani mwa mmisionari, likashuka katika msitu wetu, likaota mizizi.

Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012, watu wenye silaha waliingia katika nyumba ya mapadri wa Mbau. Wakawachukua mapadri watatu, Jean-Pierre, Anselme na Edmond, wote wana wa nchi hii, wakatokomea nao gizani. Hawajarudi.

Tangu usiku ule, Mkristo wa Beni na Butembo anabeba swali ambalo hata mtoto wa katekismu anaweza kuliuliza: mahali patakatifu pakivamiwa, utakatifu wake unakwenda wapi? Unabaki katika matofali? Unaondoka na wale waliochukuliwa? Kuna njia ya kuujibu uchungu huu kwa historia, kwa sababu wale mapadri watatu walikuwa wana wa familia ya kitawa ambayo imeangukiwa na nyumba mara nyingi, katika mabara matatu. Familia hiyo ina patakatifu pengine, mbali sana na Mbau, katika kijiji cha Wamarekani wenye asili ya Kifaransa. Nyumba hizi mbili hazijawahi kuonana, lakini ni za ukoo mmoja.

Miguu miwili ya familia

Huku kwetu tunawaita Waasomsionisti, yaani mapadri wa Kupalizwa kwa Maria. Aliyewaanzisha ni padri Mfaransa, Emmanuel d'Alzon, katika shule aliyoiongoza mjini Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Walianza usiku wa Noeli ya 1845, na Noeli ya 1850 wakaweka nadhiri zao za kwanza. Neno walilolifanya kuwa dira yao wamelitoa katika sala ya Baba Yetu: ufalme wako ufike.

Kazi mbili ndizo zilizowatangaza. Ya kwanza ni hija. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Wajerumani katika vita vya 1870 na 1871, watu wamevunjika moyo, na mapadri hawa wakasema: tuwatoe watu nyumbani, watembee, wasali pamoja. Mwaka 1872 walipeleka mahujaji La Salette. Mwaka 1873 wakaanzisha hija ya taifa zima kwenda Lourdes, ile ambayo baadaye ilijaza treni nzima za wagonjwa, wenye kupooza na vipofu, huku wenye afya wakiwabeba kwa mikono yao.

Kazi ya pili ni karatasi. Mwaka huohuo wa 1873 walitoa jarida la mahujaji, Le Pèlerin, na mwaka 1883 gazeti lao La Croix, yaani Msalaba, likawa la kila siku. Familia hii basi ilisimama kwa miguu miwili: kutembea na kuandika. Hujaji akirudi, habari yake iandikwe, ili aliyebaki nyumbani naye apate sehemu yake ya baraka.

Karatasi, hata hivyo, ni kama panga: hulima na hukata. Wakati wa kesi ya Dreyfus, yule ofisa Myahudi aliyesingiziwa uhaini, La Croix liliandika maneno ya chuki juu ya Wayahudi. Ni doa zito, na gazeti lenyewe lilikuja kulikiri na kuomba msamaha mwaka 1998. Sisi tunaoishi katika nchi ambako maneno ya kikabila yameua watu wengi tunapaswa kulikumbuka jambo hilo bila kulipamba. Anayeandika kwa ajili ya Mungu anaweza pia kuandika dhidi ya jirani yake.

Mwaka 1900 serikali ya Ufaransa ililivunja shirika lao. Nyumba zao zikafungwa, watawa wakatawanyika. Baadhi walikwenda Ubelgiji, na ni kupitia mlango huo wa Ubelgiji ndipo miaka mingi baadaye wangefika kwetu. Wengine walivuka bahari kwenda Marekani.

Nyanya aliyesafiri na wahamiaji

Walichokikuta Marekani ni watu waliofanana nao: Wakatoliki wa lugha ya Kifaransa walioacha kwao. Kati ya 1840 na 1930, watu wapatao 900,000 waliondoka Quebec, nchini Kanada, wakaenda kutafuta kazi katika viwanda vya Marekani ya kaskazini-mashariki. Mashamba ya Quebec yalikuwa yamegawanywa mno kati ya ndugu, ardhi imechoka, madeni yanapanda. Mnande wa Lubero anayejua namna vilima vyetu vilivyojaa watu, hata vijana wakashuka kutafuta shamba Beni au Ituri, hahitaji kuelezwa zaidi.

Wakulima hao wakawa wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Baba, mama na watoto waliamka kabla ya jua na kusimama mbele ya mashine siku nzima. Walitazamwa kama wageni wanaopunguza mishahara ya wenyeji. Wenyeji wa pale walikuwa Waprotestanti wa asili ya Kiingereza, na hata Wakatoliki wenzao, Waairishi, ambao ndio waliokuwa maaskofu, waliwataka wasali kwa Kiingereza. Wao wakashikilia imani moja iliyorudiwa katika kila familia: anayeipoteza lugha yake, na dini yake itamponyoka. Kwa hiyo popote walipofika walijenga vitu vitatu, kanisa, shule na gazeti, na vyote kwa Kifaransa.

Katika mizigo yao walikuja na mtakatifu mmoja hasa: Anna, mama yake Maria, nyanya wa Yesu. Injili hazimtaji, jina lake linatoka katika mapokeo ya kale. Lakini kule Quebec alikuwa mama wa kila nyumba. Mwaka 1658 walianza kumjengea kikanisa Beaupré, kwenye ukingo wa mto Saint-Laurent, na tangu hapo mabaharia waliookoka dhoruba na wagonjwa waliopona wakawa wanakwenda kumshukuru. Ndani ya kanisa lile kuna nguzo zilizofunikwa na magongo yaliyoachwa na viwete. Mwaka 1876 Papa Pius wa 9 akamtangaza Anna kuwa msimamizi wa Quebec. Tarehe 29 Machi 1922 moto uliteketeza kanisa kubwa la Beaupré. Watu wakaanza tena na kujenga, na kanisa jipya likatabarukiwa mwaka 1976. Waliochanga kuanza ujenzi hawakuwa ndio wale walioshuhudia kutabarukiwa.

Kwa nini mhamiaji aambatane na nyanya? Mtu akikimbia, mara nyingi anayebaki nyuma ni mzee. Miguu yake haiwezi tena, na kaburi la mumewe liko palepale. Kumbeba Mtakatifu Anna hadi ugenini ilikuwa namna ya kukataa kumwacha nyanya peke yake.

Mmojawapo wa vijiji hivyo vya viwanda ni Fiskdale, sehemu ya mji mdogo wa Sturbridge katika jimbo la Massachusetts. Jina lake linatokana na akina Fisk, waliojenga viwanda vya pamba kwenye mto Quinebaug. Waquebec walipokuwa wengi walijenga kanisa la Mtakatifu Anna kilimani, na kuelekea mwisho wa karne ya 19 pakaanza kuwa mahali pa hija. Wakatoliki wa pale husimulia kwamba padri wao mmoja, mwenyeji wa Quebec, alipona maradhi yaliyomvimbisha mwili baada ya kumwomba Anna, naye akautumia uhai aliorudishiwa kumjengea heshima. Kila mwaka, siku zinazotangulia sikukuu ya Anna, tarehe 26 Julai, watu walianza kupanda kilima kile kwa novena.

Kimbunga na picha takatifu

Mwaka 1904 Waasomsionisti waliofukuzwa Ufaransa walifungua shule yao huko Worcester, kilomita 30 hivi kutoka Fiskdale. Waliipa jina la Kupalizwa, kama ile ya Nîmes. Ilikuwa kwa ajili ya wavulana wa wafanyakazi wa viwandani, wana wa Waquebec, wajifunze kwa Kifaransa na Kiingereza, wawe mapadri, madaktari na walimu wa watu wao. Watu waliofukuzwa kwao waliwafundisha watoto wa watu waliohama kwao. Shule ikakua, ikawa chuo.

Tarehe 9 Juni 1953, kimbunga kiliingia Worcester. Kwa muda mfupi kiliua watu 94 mjini na vijiji vya jirani, na chuo cha Kupalizwa kikawa kifusi. Padri mmoja na masista wawili walikufa pale. Wenye hekima ya hesabu wangeweza kusema: basi, imetosha, Kifaransa chenyewe kinakufa midomoni mwa vijana. Hawakusema hivyo. Walihamisha chuo kiwanja kingine, wakafungua majengo mapya mwaka 1956, na leo ni chuo kikuu. Katikati ya ujenzi huo, mwaka 1955, askofu wao aliwakabidhi pia kanisa la Mtakatifu Anna la Fiskdale. Kwa maneno mengine, mbele ya vifusi vyao wenyewe walikubali kupokea patakatifu pa wengine.

Viwanda vya pamba vya eneo lile vilikuwa vinafungwa. Wajukuu wa Waquebec walikuwa wanaoana na Waairishi na Wapolandi, na kusali kwa Kiingereza. Ungetazamia hija ife pamoja na lugha yake. Waasomsionisti waliishika kazi waliyoijua tangu Lourdes: waliwatembeza watu. Njia ya Msalaba ikaendelea kilimani, novena ya Julai ikaendelea, na milango ikawa wazi kwa kila mhamiaji mpya, hata asiyejua neno moja la Kifaransa.

Kisha Fiskdale ikapokea mgeni mwingine. Tangu mwanzo wa karne ya 20, Mwasomsionisti Mfaransa, Pie Neveu, alikuwa katika dola ya Urusi, kwa miaka mingi katika eneo la migodi la Makeevka. Mwaka 1926, wakati serikali ya Kisovyeti inafunga makanisa na kuwapeleka mapadri katika kambi za kazi ngumu, alifanywa askofu kwa siri mjini Moscow. Picha takatifu za Kirusi, zile za mbao zilizochorwa kwa rangi na dhahabu, zilikuwa zinang'olewa makanisani, zinauzwa au zinachomwa. Neveu akawa anaziokota. Mwaka 1936 aliondoka kwenda Ufaransa kutibiwa, na hakuruhusiwa kurudi tena. Lakini mwaka 1934 alikuwa amefika Moscow Mwasomsionisti mwingine, Leopold Braun, mwana wa Massachusetts, aliyeingia kwa mapatano kati ya Marekani na Wasovyeti kwamba Wamarekani walioko kule wapewe padri wao. Braun alibaki Moscow hadi 1945, katika miaka ya hofu na ya vita. Mwenzake wa baadaye, Georges Bissonnette, alifukuzwa mwaka 1955.

Baadhi ya picha zile zilizookolewa sasa ziko Fiskdale, kando ya kanisa la nyanya wa Quebec. Mama wa Mungu aliyechorwa kwa ajili ya mkulima wa Urusi anatazamana na mjukuu wa mfanyakazi wa pamba. Hakuna aliyepanga hivyo. Kila nyumba ilipoanguka, mtu mmoja aliinama, akaokota kilichowezekana kubebwa, akakipeleka kwenye nyumba iliyosimama bado.

Bonde la malale, vilima vya imani

Kwetu historia ilianza kwa kuanguka vilevile. Mwaka 1906 mapadri wa Moyo Mtakatifu, waliotumwa kutoka Stanley Falls, Kisangani ya leo, alikokuwa Monsenyeri Gabriel Grison, walifungua misheni ya Mtakatifu Gustavo huko Beni ya zamani, upande wa mto Semuliki. Jimbo letu huhesabu miaka yake ya Injili kuanzia hapo. Lakini bonde la Semuliki lilipigwa na malale. Ugonjwa huo wa mbung'o uliua watu, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki. Misheni bila watu ni kengele bila masikio.

Mwaka 1929 Waasomsionisti wa Ubelgiji walifika kupokea kazi hiyo. Walikwenda walikokuwa watu, wengi vilimani, na majina kama Manguredjipa, Bunyuka, Mulo na Kyondo yakawa majina ya misheni. Mwaka 1934 Beni ikatengwa na Stanley Falls. Mwaka 1938 ikawa vikarieti chini ya Monsenyeri Henri Piérard, na mwaka 1959 ikawa jimbo kamili. Mwaka 1967 jina likabadilika, na tangu hapo tunasema jimbo la Butembo-Beni.

Nani hasa alijenga? Vitabu hutaja wamisionari, na wanastahili. Lakini tofali la kanisa la kilimani lilipandishwa kichwani na mama. Katekista ndiye aliyefundisha sala kwa Kinande na Kiswahili, akazika, akabatiza aliyekuwa kufani, padri akija mara chache kwa mwaka. Baadaye yakaja mashirika, zile familia kumi au kumi na tano zinazokutana kusoma Neno, kuchangia mgonjwa na kupatanisha waliogombana. Tunatumia neno lilelile, shirika, kwa watawa wa Kupalizwa na kwa majirani wa mtaani. Lugha yetu ilijua tangu zamani kwamba ni kitu kimoja: watu wanaoshirikiana.

Mwaka 1966 mwana wa vilima hivi, Emmanuel Kataliko, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa jimbo. Hakuwa Mwasomsionisti, lakini alikuwa na miguu ileile miwili. Alitembea: alitengeneza barabara pamoja na watu, kwa salongo, yaani kazi ya pamoja, serikali ya Kinshasa ikiwa mbali na kimya. Na alithamini maandishi: mwaka 1989 alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ili watoto wa Butembo wasome Butembo. Mwaka 1997 alitumwa Bukavu kushika kiti cha Monsenyeri Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999 aliwakemea wavamizi na waporaji waziwazi. Februari 2000 waasi walioitawala Bukavu wakamzuia kukaa mjini kwake na kumpeleka Butembo. Walidhani wamemhamisha, kumbe wamemrudisha nyumbani. Watu wa Bukavu walifunga makanisa na shule kwa kumlilia. Tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Msalaba, alirudi Bukavu. Tarehe 4 Oktoba mwaka uleule alifariki karibu na Roma.

Jina lake lilikuwa Machozi

Njia kati ya Massachusetts na Butembo haikubaki kwenye ramani tu. Padri Vincent Machozi, Mwasomsionisti wa huku kwetu, alitumwa kusoma Boston, akakaa miaka kadhaa katika nyumba za ndugu zake wa Marekani, familia ileile ya Worcester na Fiskdale. Somo lake lilihusu namna ya kumaliza migogoro. Akiwa huko alisimamia tovuti ya Beni-Lubero, ambamo mauaji ya kwetu yaliandikwa: mahali, siku, waliokufa. Mguu wa karatasi wa d'Alzon ulikuwa umefika kwenye kompyuta.

Angeweza kubaki Marekani. Alirudi mwaka 2012, mwaka uleule wa Mbau. Tangu Oktoba 2014 mauaji makubwa yalipoanza Beni, kwa mapanga na shoka, aliendelea kuandika. Alionywa kwamba anatafutwa. Usiku wa tarehe 20 Machi 2016, Jumapili ya Matawi, watu wenye silaha walimkuta Vitungwe-Isale, si mbali na Butembo, wakampiga risasi. Butembo ilimzika kwa umati mkubwa. Aliyekuwa na jina la Machozi alikuwa ameyakusanya ya wengine, moja moja, asiyaache yakauke bila kuandikwa.

Kinachobebwa

Yaliyofuata tunayajua. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, na kuua watu 2,287, wengi wao katika Beni, Butembo na Katwa. Tulinawa mikono mlangoni mwa kanisa, na amani ya Bwana tukapeana bila kugusana. Tarehe 27 Juni 2021, alfajiri, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Emmanuel-Butsili mjini Beni, siku ambayo watoto walitarajiwa kupewa Kipaimara. Wanawake wawili walijeruhiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, kaskazini katika barabara ileile ya Mbau, watu walivamia parokia ya Mwenye Heri Anuarite, ambako waamini walikuwa katika mkesha wa sala. Waliouawa Komanda walikuwa zaidi ya 40. Jua la siku iliyotangulia lilikuwa la sikukuu ya Mtakatifu Anna. Huko Fiskdale, hizo ndizo siku za kupanda kilima kumwomba nyanya wa wahamiaji.

Silinganishi maumivu. Kimbunga hakina chuki, na mfanyakazi wa pamba hakufukuzwa kwa shoka. Lakini kutoka historia ya familia hii najifunza jambo moja ambalo naliamini kwa moyo wote. Mahali patakatifu pa Fiskdale hapakuokolewa na kuta. Kiwanda kilichopalisha kimekufa, lugha iliyopajenga imenyamaza, na bado pamesimama, kwa sababu kila kizazi kulikuwa na watu waliofanya kazi mbili: walirudi kupanda kilima, na waliweka kumbukumbu ya waliotangulia. Aliyepona aliandikwa. Gongo lilitundikwa. Picha ilifungwa kitambaani na kusafirishwa. Kumbukumbu ndiyo iliyowapa wajao sababu ya kupanda tena.

Sisi mguu wa kutembea tunao. Hakuna wa kutufundisha. Watu wa Mbau na Oicha wamekimbia na kurudi, wamekimbia tena na kurudi tena. Mama anarudi kuvuna kakao akijua hatari iliyomo shambani. Kurudi huko, kwa macho yangu, ni hija kubwa kuliko ya Lourdes. Mguu unaolegea ni ule wa karatasi. Tunazika wengi kwa haraka, bila misa ya siku tatu, bila jina msalabani. Tunasema "wamekufa watu kumi na tano", na wiki ikipita idadi nyingine inaifunika ile. Mtoto aliyezaliwa kambini Oicha atakapouliza babu yake aliitwa nani na alilala wapi, tutampa namba?

Katika parokia kuna daftari la ubatizo. Mapadri wa kwanza wa vilima vyetu waliandika humo jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, na siku. Kwa wengi wa wazee wetu hiyo ndiyo mara ya kwanza jina lao kuandikwa duniani. Ninachoomba ni kidogo, na hakihitaji fedha ya mfadhili. Kila shirika, la Butembo, la Beni, la Mbau, linunue daftari moja la shule. Katibu wa shirika aandike humo kila aliyeuawa na kila aliyechukuliwa: jina lote, kijiji, siku, na jambo moja alilolipenda. Nakala ya pili ikae kwa shirika lingine la mbali, kama familia ya Kupalizwa ilivyozoea kuweka hazina ya nyumba moja katika nyumba nyingine. Tuandike bila neno la chuki juu ya kabila lolote, kwa kuwa tumeona chuki iliyochapwa inavyolitia doa hata gazeti lenye msalaba. Na siku ya kukimbia ikifika, mama akimfunga mtoto mgongoni na kusaka cha kubeba, mtu mmoja alibebe daftari.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la Mbau unaweza kuanza leo. Jean-Pierre, padri. Anselme, padri. Edmond, padri. Parokia ya Bikira Maria wa Maskini, 19 Oktoba 2012. Na mbele ya majina hayo, mahali pa kuandika siku ya kurudi, paachwe wazi.